Pilipili ya Nyumbani: Kutoka Kitaluni Hadi Kinuni

Wahenga wa pwani waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Walimwonya kwa swali hilo mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu. Lakini katika nchi zetu za Maziwa Makuu ni vigumu kumpata mtu ambaye pilipili haimhusu. Mtaani Buyenzi mjini Bujumbura, Uvira na Bukavu ng'ambo ya mpaka, Kigali na Goma, chakula cha mchana hakihesabiwi kuwa kimekamilika mpaka kibakuli cha pilipili kiwe kimewekwa kando ya sahani. Mukeke wa Ziwa Tanganyika, sambaza wa Ziwa Kivu, maharage yaliyopikwa na ndizi, ugali wa muhogo na sombe, vyote hungojea ukali huo mdogo unaoamsha ulimi.

Pamoja na hayo, nyumba nyingi hununua unga wa pilipili sokoni katika vifuko vidogo, bila kujua pilipili hizo zilikaushwa wapi, zilisagwa na nani, wala zilichanganywa na nini. Unga mwekundu hausemi ulikotoka. Wakati huohuo, mche mmoja wa pilipili huweza kuota katika kopo kuukuu nyuma ya jiko, ukazaa miezi mingi bila kudai gharama kubwa. Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji njia nzima, tangu mbegu hadi unga, na hasa kumtahadharisha juu ya hatua moja ambayo ikikosewa huharibu kazi yote na huweza kuidhuru afya ya familia. Hatua hiyo ni kukausha.

MGENI ALIYEGEUKA MWENYEJI

Watu wengi hudhani kwamba pilipili kali ni mmea wa asili ya Afrika. Sivyo. Asili yake ni bara la Amerika, ambako wenyeji waliilima kwa maelfu ya miaka kabla Christopher Columbus hajafika huko mwaka 1492. Baada ya hapo mabaharia wa Kireno waliisambaza katika pwani za Afrika na Asia. Kabla ya wakati huo watu wa pwani yetu walijua pilipili manga, zile punje nyeusi zilizoletwa na majahazi ya biashara, na jina la pilipili lilipewa mgeni huyo mpya kwa sababu naye aliwasha. Kutoka katika Kiswahili jina hilo liliendelea na safari yake: Wareno wa Msumbiji wakasema piri-piri, na katika Kifaransa cha Kongo na Burundi likawa pili-pili. Wanyarwanda huiita urusenda, na Waganda kamulali.

Majina yenyewe huweza kumpotosha mnunuzi. Katika Kiswahili cha zamani pilipili hoho ilikuwa ile kali, nyekundu; leo katika masoko mengi hoho ni ile kubwa isiyowasha, inayokatwakatwa katika mchuzi. Hiyo hatuizungumzii hapa, kwa kuwa nyama yake ni nene na yenye maji mengi, nayo huoza upesi kabla ya kukauka juani.

Kwa ajili ya kusaga tuchague moja ya aina tatu. Ya kwanza ni pilipili ndogo ielekeayo juu mtini, ambayo wengine huiita pilipili kichaa. Hii hukauka kwa urahisi na mti wake huweza kuishi miaka miwili au mitatu. Ya pili ni pilipili ndefu nyembamba, yenye ukali wa wastani na rangi nzuri. Ya tatu ni pilipili mbuzi, yenye umbo la mviringo uliojikunja na harufu tamu. Hii ni kali sana, lakini yahitaji kupasuliwa kabla ya kuanikwa.

HESABU MIEZI KUANZIA JUA

Mkulima wa mahindi huanza kuhesabu tangu mvua ya kwanza. Mkulima wa pilipili ya kusaga na aanze kuhesabu tangu jua la kukaushia, kisha arudi nyuma. Nchini Burundi na Rwanda, na katika sehemu kubwa ya Kivu, kiangazi kirefu huanza mwezi wa Juni na kuendelea hadi Agosti au mwanzo wa Septemba. Huo ndio wakati ambao pilipili nyingi yafaa ziwe zimeiva.

Tuhesabu sasa. Pilipili huanza kuiva kiasi cha miezi mitatu baada ya miche kupandikizwa. Kwa hiyo miche ipandikizwe mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mvua za masika zinapoimarika. Na kwa kuwa miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, mbegu zimwagwe mwanzoni mwa Januari. Katika vilima vyenye baridi mmea hukua polepole. Huko ni afadhali kuanza mwezi wa Desemba. Katika tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, joto ni la kutosha na ratiba ya Januari yafaa.

Anayepanda bila hesabu hii hujikuta na pilipili zilizoiva katikati ya mvua, hazina pa kuanikwa. Hapo ndipo ukungu huingia.

KITALU NA BUSTANI

Chagua pilipili iliyoiva kabisa kutoka katika mti wenye afya na uliozaa sana. Ipasue, toa mbegu, uzikaushe kivulini siku chache. Andaa tuta dogo au sanduku lenye udongo laini uliochanganywa na mboji, kisha uzifukie mbegu kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Funika kwa nyasi chache na unyunyizie maji kwa uangalifu. Mbegu huota katika wiki moja hadi mbili. Zile za pilipili ndogo huweza kuchelewa hadi wiki ya tatu, basi usikate tamaa mapema. Zinapoanza kuchomoza, ondoa nyasi na ujenge kivuli chepesi cha majani juu yake.

Wiki moja kabla ya kupandikiza, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Mche ulio tayari una urefu wa sentimita 10 hadi 15. Pandikiza jioni. Kila shimo litiwe viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche, na 75 kati ya mstari na mstari. Asiye na shamba aweza kutumia kopo au ndoo kuukuu ya lita 10, aitoboe chini ili maji yasituame.

Mambo manne yakumbukwe. Kwanza, usipande pilipili mahali palipotoka nyanya, biringanya, viazi ulaya au tumbaku. Mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni hupita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Pili, mwagilia shinani, si juu ya majani. Tatu, tandaza nyasi kavu kuzunguka shina ili unyevu udumu. Nne, usizidishe mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni. Mti utanenepa majani na kuangusha maua.

Wadudu wasumbufu zaidi ni vidukari, ambao hufyonza utomvu na kuambukiza virusi vinavyokunja majani. Wanyunyizie maji yaliyotiwa sabuni kidogo, hasa upande wa chini wa majani, wakati wa jioni. Mti uliokwisha kudumaa na kujikunja ung'olewe na uchomwe. Pilipili zinazoanguka zikiwa na kiwavi ndani ziokotwe kila siku na kuharibiwa. Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo ambaye amewatia hasara wauzaji wa nje, hata Umoja wa Ulaya ukaweka masharti maalumu juu ya pilipili tangu 2018. Na mvutaji wa sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa sababu virusi vya tumbaku huweza kukaa hata katika sigara kavu na kuhamia katika pilipili.

KUVUNA

Pilipili ya kusaga haivunwi ikiwa mbichi wala ikiwa nusu nyekundu. Ngoja iwe nyekundu tupu. Vuna asubuhi baada ya umande kukauka, ukiiacha na kikonyo chake, kwa kuwa jeraha la kikonyo kilichong'olewa ni mlango wa uozo. Tumia kikapu, si mfuko wa plastiki, maana ndani ya plastiki pilipili hutoka jasho. Siku hiyohiyo zichambuliwe: zilizopasuka, zenye madoa meusi na zilizotobolewa na wadudu zitengwe. Zilizobaki zioshwe kwa maji safi, zichujwe, zipanguswe.

KUKAUSHA: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Tumezoea kuona pilipili zimeanikwa chini, juu ya udongo, au kando ya barabara ya lami. Njia hiyo ni rahisi, lakini huleta vumbi, mavi ya kuku, na jambo baya zaidi lisiloonekana kwa macho. Katika udongo huishi kuvu mbalimbali. Baadhi yake, zinapopata unyevu na joto, hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hudhuru ini, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Ikiliwa kwa wingi huweza kuua upesi. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo.

Ni kweli kwamba mtu hali pilipili kwa wingi kama alavyo mahindi. Lakini pilipili ni miongoni mwa viungo vinavyoshambuliwa sana na kuvu hizo, na Umoja wa Ulaya haukubali pilipili kavu yenye aflatoksini zaidi ya mikrogramu 10 katika kilo moja, yaani sehemu kumi katika sehemu bilioni moja. Tena sumu hii haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kusagwa. Kusaga huificha tu. Mtu akichanganya pilipili tano zenye ukungu na mia moja safi, ameutia sumu unga wote.

Kinga ni kukausha upesi, juu, na mahali safi. Jenga kichanja cha miti chenye urefu wa meta moja kutoka ardhini, utandike mkeka safi wa matete au wavu, ili hewa ipite chini na juu. Panga pilipili tabaka moja tu, zisilaliane. Pilipili mbuzi zipasuliwe katikati kwa urefu. Zigeuze mara mbili au tatu kwa siku. Kabla ya jua kutua ziingize ndani, kwa kuwa umande wa usiku mmoja huweza kurudisha unyevu wa siku nzima ya jua. Ukifunika kichanja kwa chandarua kilichochakaa lakini kisafi, nzi na ndege hawatazifikia.

Kwa jua kali, pilipili ndogo hukauka katika siku tano hadi kumi. Zilizo kubwa huchukua wiki mbili. Ikiwa mawingu yametanda siku mbili mfululizo, usizirundike ukingoja. Zianike ndani, juu ya jiko lenye joto dogo lisilo na moshi mwingi, au katika tanuri ya mkate iliyopoa, mlango ukiwa wazi kidogo. Joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi latosha. Likizidi sana, rangi hugeuka kahawia na harufu hupotea.

Jipatie hakika kwa majaribio matatu. Itikise karibu na sikio: mbegu zilie ndani. Ikunje: ivunjike, isijipinde. Kisha tia chache katika chupa ya kioo, uifunge na kuiacha juani saa moja: ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, bado hazijakauka. Zilizokauka vyema hubakiwa na maji kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ya uzito wake. Yoyote iliyoota utando mweupe, wa kijani au mweusi itupwe nzima. Kukata kipande kilichooza na kubakiza kingine hakusaidii kitu.

KUSAGA BILA MACHOZI

Ukali wa pilipili hutokana na kitu kiitwacho kapsaisini, ambacho hukaa hasa katika utando mweupe unaoshika mbegu, si katika mbegu zenyewe kama wengi wanavyodhani. Kitu hicho hakiyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana aliyewashwa mdomo akinywa maji hapati nafuu, lakini akinywa maziwa hutulia. Ndege hawausikii ukali huo kabisa. Hula pilipili na kuzimwaga mbegu zake kila mahali, nasi tukaona mipilipili imejiotea chini ya miti.

Anayesaga ajipake mafuta ya kupikia mikononi au avae glavu, na afunge pua na mdomo kwa kitambaa. Kazi ifanywe nje, upepo ukiwa mgongoni, na watoto wawe mbali. Ondoa vikonyo vyote kwanza. Apendaye unga mwekundu sana na mpole zaidi aondoe mbegu na utando. Apendaye mkali asage zote. Kinu na mchi hufaa, vilevile jiwe la kusagia, au mashine ndogo ya umeme. Ukitwanga, funika mdomo wa kinu kwa kitambaa chenye tundu la kupitishia mchi. Chekecha, kisha rudisha chenga kinuni. Usifunue kinu mara tu unapoacha kutwanga. Ngoja dakika chache vumbi litulie.

Ukimaliza, jisugue mikono kwa mafuta, kisha kwa sabuni na maji. Usiguse macho, na mama anyonyeshaye asimshike mtoto kabla ya kuoga na kubadili nguo. Vumbi likiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15, na maumivu yakiendelea mgonjwa apelekwe zahanati. Wako pia wanaopaka pilipili kwenye titi ili kumwachisha mtoto ziwa. Desturi hiyo iachwe. Huunguza mdomo na macho ya mtoto, na zipo njia za upole za kumwachisha.

KUUTAMBUA UNGA ULIOGHUSHIWA

Mwaka 2003 nchi za Ulaya zilishtuka kugundua rangi ya viwandani iitwayo Sudan I ndani ya unga wa pilipili ulioingizwa kutoka ng'ambo. Rangi hiyo haikukusudiwa kuliwa, nayo hushukiwa kuleta saratani. Mwaka 2005 nchini Uingereza bidhaa zaidi ya 400 ziliondolewa madukani kwa sababu hiyo. Ikiwa nchi zenye maabara nyingi zilidanganywa hivyo, mnunuzi wa sokoni ana haki ya kuwa mwangalifu.

Jaribio hili lafanyika jikoni. Jaza maji katika glasi na unyunyize kijiko kidogo cha unga juu yake bila kukoroga. Michirizi ya rangi ikianza kushuka mara moja, shuku rangi ya bandia. Ukiona chembe zinazozama upesi, zimwagie maji mbali na uzisugue kwa vidole: zikikwaruza kama mchanga, huenda ni unga wa matofali. Hata hivyo jaribio hili haliwezi kuonyesha aflatoksini, na hilo ndilo tegemeo la pekee la pilipili ya nyumbani: umeiona mwenyewe ikikauka.

KUHIFADHI NA KUUZA

Tia unga katika chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, uifunge barabara, na uiweke kabatini mbali na mwanga na joto la jiko. Usichote kwa kijiko chenye maji, wala usinyunyize juu ya chungu kinachotoka mvuke moja kwa moja kutoka katika chupa. Ni vyema kusaga kidogo kidogo, wa kutosha miezi miwili au mitatu, na kuacha pilipili nyingine zikiwa nzima, kwa kuwa pilipili nzima hudumisha harufu yake muda mrefu zaidi.

Atakaye mafuta ya pilipili atumie unga mkavu tu. Pilipili mbichi au vitunguu saumu vibichi vikikaa wiki nyingi ndani ya mafuta nje ya jokofu, vijidudu hatari vinavyoishi pasipo hewa huweza kuzaliana humo bila kubadili harufu wala ladha.

Mama atakayepata ziada na kuiuza asisahau hesabu. Kilo tano hivi za pilipili mbichi hutoa kilo moja iliyokauka; baada ya kuondoa vikonyo na chenga, unga hubaki gramu 900 au pungufu. Kwa hiyo anayeuza kilo ya unga kwa bei iliyo chini ya mara tano ya ile ya mbichi, amefanya kazi ya bure, na bado hajahesabu vifuko wala jasho lake. Kwamba biashara hii inaweza kukua ni jambo lililokwisha kuonekana: mafuta ya pilipili yaitwayo Akabanga, yanayotengenezwa Nyirangarama kaskazini mwa Kigali na kuuzwa katika kichupa cha kudondoshea, yamejulikana nje ya mipaka ya Rwanda.

Neno la mwisho ni juu ya lishe. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipata vitamini C kwa wingi kutoka katika pilipili za mji wa Szeged. Sifa hiyo ni ya pilipili mbichi. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea juani. Unga wetu basi ni kiungo, si dawa wala mboga, na familia isiache kula majani na matunda kwa kuwa ina pilipili mezani. Anayetaka kuanza hahitaji shamba. Akiwa na kopo tatu zilizotobolewa, mbegu za pilipili moja iliyoiva, na kichanja kilichojengwa kabla ya Juni, atakuwa na chupa yake mwenyewe kabla mvua za Septemba hazijarudi.